Maleba kama Lugha ya Jukwaa: Usawiri wa Mhusika na Usimulizi wa Kisa katika Tamthilia ya Kinjeketile

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ubunifu wa maleba unavyotumika kusawiri wahusika na kusimulia kisa jukwaani, kwa kurejelea tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Hoja kuu ni kwamba maleba si pambo linaloongezwa baada ya tamthilia kukamilika, bali ni mfumo wa ishara unaobeba sehemu ya maana ya tamthilia yenyewe. Kwa hiyo, uteuzi mbaya wa vazi unaweza kubatilisha dhamira ambayo mtunzi ameijenga kwa maneno. Makala yanafafanua dhana ya maleba na vipengele vyake, yanachambua maeneo manne ya Kinjeketile ambamo vazi linabeba kisa, na yanaonesha hatua ambazo mbunifu hupitia kutoka kwenye matini hadi jukwaani.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umejikita zaidi katika matini andishi. Wahakiki wamechambua dhamira, migogoro, muundo na matumizi ya lugha, na wamewaeleza wahusika kwa kuzingatia yale wanayoyasema na yale yanayosemwa juu yao. Hali hiyo inaeleweka, kwa kuwa wasomaji wengi hukutana na tamthilia darasani kama kitabu kabla ya kuiona jukwaani, na baadhi yao hawaioni jukwaani kamwe. Aidha, maelekezo ya jukwaani katika tamthilia nyingi hutaja mavazi kwa uchache, hivyo mhakiki anayeshikamana na matini pekee hupata machache ya kusema juu yake.

Hata hivyo, tamthilia ni utungo unaokusudiwa kutendwa. Pindi mwigizaji anapoingia jukwaani, hadhira humwona kabla ya kumsikia. Katika nukta hiyo fupi huwa imekwisha kukisia umri wake, kazi yake, hali yake ya uchumi, imani yake na uhusiano wake na waliomzunguka. Maneno yatakayofuata yatathibitisha makisio hayo, yatayarekebisha au yatayakanusha. Kimya cha matini kuhusu mavazi, kwa hiyo, hakimaanishi kwamba mavazi hayana kauli. Kinamaanisha kwamba kauli hiyo imeachwa mikononi mwa mbunifu na mwongozaji. Swali linalojibiwa hapa ni hili: kauli hiyo hujengwaje, na nini hutokea inapojengwa kwa uzembe?

2.0 Dhana ya maleba

Maleba ni mavazi maalumu yanayovaliwa na watendaji wa sanaa kama vile waigizaji na wachezaji ngoma, pamoja na vifaa vinavyoambatana na mavazi hayo mwilini. Tofauti kati ya maleba na mavazi ya kawaida haimo katika kitambaa, kwani shati lililonunuliwa mtumbani laweza kuwa maleba jioni hiyo hiyo. Tofauti imo katika uteuzi. Nguo ya kila siku huteuliwa mara moja, na mvaaji mwenyewe au na wanaomtunza. Maleba huteuliwa mara mbili: ndani ya kisa, mhusika amejivika kwa sababu zake, nje ya kisa, mbunifu amemvika ili hadhira iyasome yale ambayo mhusika mwenyewe pengine hayajui au hataki yajulikane.

Nadharia ya semiotiki inasaidia kuieleza hali hii. Petr Bogatyrev, mmoja wa wanazuoni wa Skuli ya Prague, alionesha katika miaka ya 1930 kwamba vazi lina majukumu mengi kwa wakati mmoja: husitiri mwili, hutambulisha jamii, huonesha cheo, ndoa na ibada. Likipanda jukwaani, vazi huwa ishara ya ishara. Taji la mfalme wa jukwaani halihitaji kuwa la dhahabu; linahitaji kuashiria dhahabu, ambayo nayo huashiria ufalme. Naye Tadeusz Kowzan (1968) aliainisha mifumo 13 ya ishara katika onyesho, na akayaweka maleba pamoja na upodoaji na mtindo wa nywele kama mifumo inayohusu mwonekano wa nje wa mwigizaji. Uainishaji huo una faida kwa mhakiki, kwa kuwa unamlazimu kuyauliza maleba maswali yale yale anayoyauliza maneno: yanasema nini, yanamwambia nani, na yanapatana au yanapingana na ishara nyingine?

Hadhira ya Afrika Mashariki si ngeni katika usomaji wa aina hii. Ngoma ya beni, iliyoenea kutoka pwani hadi bara, iliwavika wachezaji mavazi ya mtindo wa kijeshi na kuwapa vyeo, na vyama hasimu vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi sawa na vilivyoshindana kwa nyimbo. Vivyo hivyo, kanga yenye pindo, mji na jina ni vazi linalotamka kauli waziwazi. Anayeandaa maleba kwa hadhira kama hiyo anaandikia wasomaji waliokwisha kuhitimu.

3.0 Vipengele vya maleba na vigezo vya kuyapima

Maleba huzungumza kupitia vipengele vitano. Cha kwanza ni umbo la nje, yaani mchoro wa mwili uliovikwa unavyoonekana kwa mbali. Vazi pana humpa mwigizaji uzito, na vazi la kubana hufichua kila tikisiko la mwili. Cha pili ni rangi. Katika jamii nyingi za ukanda huu rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi zina nafasi maalumu katika uganga na matambiko, hivyo haziwezi kutumika jukwaani kama rangi tupu. Cha tatu ni kitambaa chenyewe: uzito wake, mng’ao wake, na namna kinavyofuata au kinavyokataa mwendo wa mvaaji. Cha nne ni uchakavu, unaosimulia muda: kiwiko kilichopauka na kiraka kilichoshonwa kwa uzi usiofanana na nguo hueleza miaka ambayo mazungumzo hayana nafasi ya kuieleza. Cha tano ni namna ya kuvaa. Shuka moja inaweza kufungwa kiunoni kwa kazi, kutupwa begani kwa baraza au kujifunika gubigubi kwa msiba.

Vipengele hivyo vinahitaji kigezo cha kuvipima. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1955 kuhusu magonjwa ya maleba, alibainisha maradhi matatu. La kwanza ni kuabudu usahihi wa kihistoria, hadi kila kifungo kinakuwa cha kweli ilhali onyesho zima limepoteza maana. La pili ni kuabudu uzuri, vazi linapovuta macho kutoka kwenye kisa na kuyaelekeza kwenye ufundi wake. La tatu ni kuabudu utajiri, hadhira inapoalikwa kustaajabia gharama. Kwa Barthes, vazi zima ni lile linalotumikia hoja ya kijamii iliyomo katika tamthilia. Alilisifu kundi la Berliner Ensemble la Bertolt Brecht, ambalo mavazi yake yalionekana kuwa yamevaliwa na watu wenye kazi na taabu. Katika onyesho la Mama Courage la mwaka 1949 mjini Berlin, Helene Weigel aliivaa nafasi ya mama mchuuzi wa vitani akiwa amechomeka kijiko katika koti lake. Kijiko hicho hakikuhitaji ufafanuzi: huyu ni mtu ambaye mlo wake hauna meza, na ambaye yuko tayari kula popote vita vitakapomfikisha.

Sehemu inayofuata inaongeza ugonjwa wa nne, ambao huyapata zaidi maonyesho yanayohusu Afrika ya kale. Makala haya yanauita uasili wa kubuni, yaani kuwavika wahusika wote ngozi na majani pasipo utafiti, kwa dhana kwamba kila kilichotangulia ukoloni kilikuwa hivyo.

4.0 Maleba na kisa katika Kinjeketile

Kinjeketile inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambamo jamii nyingi za kusini mwa Tanzania ya leo zilipigana na utawala wa Wajerumani. Mtunzi anamsawiri Kinjeketile kama mtu anayewaunganisha watu kwa imani ya maji yanayogeuza risasi kuwa maji, kisha akajikuta akitawaliwa na neno alilolizaa mwenyewe. Ni vyema kukumbuka kwamba Hussein hakukusudia kuandika historia. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya vita kuanza, ilhali Kinjeketile wa tamthilia anaishi hadi kuona wapiganaji wakishindwa. Mbunifu wa maleba anayetaka kuwa mwaminifu, basi, analazimika kuuliza: mwaminifu kwa nini? Kwa nguo za mwaka 1905, au kwa hoja ya tamthilia? Maeneo manne yafuatayo yanaonesha kwamba historia na hoja hukutana pale tu utafiti unapotangulia mkasi.

4.1 Pamba shambani, pamba mwilini

Miongoni mwa sababu kuu za vita hivyo ni kulazimishwa kulima pamba kwa manufaa ya wakoloni. Huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, kung’olewa kwa miche ya pamba Julai 1905 ndiko kulikotangaza vita. Tamthilia nayo inafungua kwa njaa na malalamiko ya watu wanaofanyishwa kazi mashambani huku mashamba yao yakibaki bila mkono.

Hapa ndipo uasili wa kubuni unapoleta madhara. Kabla ya mwaka 1905 vitambaa vya pamba vilivyoagizwa kutoka nje vilikwisha kuenea pwani, bonde la Rufiji na njia za misafara. Merikani, kitambaa kisichopaushwa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kaniki, kitambaa cha buluu iliyokoza inayokaribia weusi, vilikuwa bidhaa na pia kipimo cha thamani katika biashara. Mbunifu akiwavika wanakijiji ngozi na majani tu, anaifuta historia hiyo na kuirudisha hadhira kwenye picha ya kikoloni ya watu waliokuwa nje ya dunia hadi Mjerumani alipofika. Akiwavika merikani iliyochakaa na kaniki iliyopauka, anafungua kitendawili ambacho matini peke yake haikitamki: mtu anayelimishwa pamba kwa nguvu amejifunga kipande chakavu cha pamba iliyofumwa ng’ambo, ambayo hana tena uwezo wa kuinunua upya. Uchumi wa kikoloni unakuwa umeelezwa kiunoni mwa mkulima kabla hajafungua kinywa.

4.2 Sare na mamlaka

Dhidi ya nguo hizo zilizopauka husimama sare. Askari wa jeshi la Wajerumani walivaa kaki na tarbushi, na wengi wao walikuwa Waafrika. Kwa mbunifu, ukweli huo ni muhimu kuliko idadi ya vifungo. Sare huondoa tofauti za mtu mmoja mmoja na kuweka badala yake mamlaka. Inamfanya askari aogopwe hata kama chini ya kaki hiyo yumo kijana wa rika na rangi ile ile ya wale anaowapiga. Umbo la sare lina pembe na mikato, ilhali shuka lina mikunjo. Mwigizaji aliyevaa sare hutembea tofauti, na sauti ya viatu vyake hutangulia kuwafikia wanakijiji walio pekupeku.

Mnyapara ana nafasi ngumu zaidi. Yeye ni mwenyeji aliyekabidhiwa fimbo ya mgeni. Kumvika sare kamili ni kurahisisha jambo, na kumvika kama wenzake ni kuficha usaliti wake. Suluhisho lenye tija ni vazi la mchanganyiko, kwa mfano shuka ile ile ya kijijini pamoja na koti kuukuu la kaki lisilomtosha mabegani. Vazi la kuazima humsimulia aliyelivaa: cheo chake si chake, na siku aliyempa atakapolidai, atabaki kama alivyokuwa.

4.3 Nguo kavu

Masimulizi ya mdomo yaliyokusanywa na wanahistoria katika miaka ya 1960 yanaeleza kwamba Kinjeketile alizama majini, akapotea, na siku ya pili akatoka akiwa mzima na nguo zake zikiwa kavu. Tamthilia imejengwa juu ya kisa hicho cha kuingia mtoni na kutoka na ujumbe. Kwa mtazamo wa maleba, ukavu wa nguo ni ushahidi ambao watu wanautumia kuamua kama wamwamini au wasimwamini. Imani ya maelfu ya watu inaning’inia kwenye pindo la vazi.

Kutokana na hilo, vazi la Kinjeketile haliwezi kuteuliwa kwa mazoea. Linapaswa kuwa la kitambaa ambacho hadhira inajua kingeonesha unyevu mara moja; merikani nyepesi ya rangi ya maziwa inafaa, kwa kuwa maji huifanya igande mwilini na kubadilika rangi. Likitoka kavu, muujiza unaonekana bila maelezo. Zaidi ya hayo, vazi hilo hilo likiendelea kuvaliwa hadi mwisho wa mchezo, litaweka kumbukumbu. Katika tukio la gerezani, Kinjeketile amekwisha kupigwa na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa kwa kuwa kukiri kwake kungeua kile ambacho watu walikipigania. Nguo iliyotoka mtoni kavu sasa imelowa jasho na damu. Hadhira inaona kwa macho gharama ya neno: maji hayakumlowesha, lakini imani ya watu imemlowesha. Hakuna mazungumzo yanayopaswa kuongezwa ili maana hiyo ipatikane. Inatosha vazi lisibadilishwe.

4.4 Kanzu na kivuli cha Seyyid Said

Katika hali ya kupagawa, Kinjeketile anawaahidi watu kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani chini ya utawala wa Sultani wa Zanzibar. Baadaye fahamu zinapomrudia, kauli hiyo inamtisha: itakuwaje watu wapigane kumwondoa bwana mmoja ili kumkaribisha mwingine? Mgogoro huu ni wa ndani, na ni mgumu kuonekana jukwaani.

Maleba yanaweza kuufanya uonekane. Kwa watu wa bara ya kusini wakati huo, kanzu na kilemba havikuwa alama za dini na ustaarabu wa pwani tu; vilikumbusha pia biashara ya utumwa na maakida, ambao wengi wao walikuwa watu wa pwani waliotumwa na Wajerumani kukusanya kodi. Mbunifu anaweza kuwafanya wafuasi, kwa heshima na shangwe, wamvike Kinjeketile kitambaa cheupe kichwani baada ya kutoka mtoni. Mwanzoni kitambaa hicho husomeka kama utakaso. Jina la Seyyid Said linapotajwa, kitambaa kile kile husomeka upya kama kilemba cha mtawala, na hatimaye, Kinjeketile anapokivua na kukitazama mkononi, kinageuka kilemba cha ukoka. Maana tatu zimepita juu ya kipande kimoja cha nguo, na kila moja imefungamana na hatua ya kisa.

5.0 Kutoka matini hadi jukwaani

Uchambuzi uliotangulia unadokeza kwamba ubunifu wa maleba ni kazi ya uhakiki inayofanywa kwa sindano. Hatua zake zinaweza kufupishwa kama ifuatavyo. Kwanza, mbunifu huisoma matini zaidi ya mara moja, na huandaa jedwali linaloonesha kila mhusika, kila tukio analoingia, saa na mahali pa tukio, na badiliko lolote la hali yake. Jedwali hilo ndilo litakalofichua kwamba vazi la Kinjeketile lazima lidumu hadi gerezani, au kwamba mwigizaji anayeigiza mkulima na askari ana dakika moja tu ya kubadilisha nguo nyuma ya pazia.

Pili, hufanya utafiti wa kipindi na mahali kupitia picha, mikusanyo ya makumbusho, masimulizi ya wazee na maandishi ya wanahistoria. Utafiti huu humwepusha na makosa ambayo hadhira makini huyagundua. Kwa mfano, kanga yenye methali kwa herufi za Kirumi akiivaa mke wa mkulima wa Rufiji mwaka 1905 ingetangulia wakati wake, kwani maandishi katika kanga yalianza kuenea mwanzoni mwa karne ya 20, na yale ya awali yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Mbunifu anaruhusiwa kuvunja wakati kwa makusudi, kama Brecht alivyofanya, ili kuihusisha hadhira ya leo; asichoruhusiwa ni kuuvunja bila kujua.

Tatu, hukubaliana na mwongozaji, mbunifu wa mandhari na fundi wa taa. Mwanga hubadilisha rangi: kitambaa chekundu chini ya taa ya kijani huelekea weusi, na kaniki ya buluu iliyokoza chini ya taa ya njano nzito hupoteza ubuluu wake wote. Nne, huchora, huteua vitambaa, hushona na kuwajaribisha waigizaji. Tano, huichakaza nguo mpya kwa kuifua mara nyingi, kuisugua kwa msasa na kuipaka rangi ya udongo mahali ambapo kazi ya mhusika ingeichafua. Mkulima huchakaa magotini na begani. Karani huchakaa viwikoni. Mwisho, katika mazoezi ya mavazi, waigizaji hupewa muda wa kuyazoea maleba hadi yaache kuwa maleba na kuwa nguo zao.

Hakuna hatua hapo inayohitaji fedha nyingi. Vikundi vingi vya sanaa vya vyuo na mitaani hufanya kazi kwa bajeti finyu, na uchache huo mara nyingi hutajwa kama sababu ya kuyapuuza maleba. Mifano ya Kinjeketile inaonesha kinyume chake: koti kuukuu, kipande cha kitambaa cheupe na shuka lisilobadilishwa vimebeba mamlaka, utawala na mauti. Ugonjwa wa utajiri hauwezi kuwapata wasio na fedha. Uzembe wa utafiti unaweza kumpata yeyote.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba maleba ni mfumo wa ishara unaojenga mhusika na kusogeza kisa, na kwamba katika Kinjeketile vazi linaweza kueleza uchumi wa pamba, mamlaka ya sare, msingi wa imani na hofu ya bwana mpya. Imebainika pia kwamba kosa la maleba si kosa la mapambo. Kuwavika wapiganaji wa Maji Maji nguo ambazo hawakuzivaa ni kuwasemea maneno ambayo hawakuyasema, tena mbele ya wajukuu zao waliokaa katika viti vya hadhira.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili uyahesabu maleba miongoni mwa vipengele vya fani, na kwamba maonyesho ya vyuo yahifadhi michoro, picha na majedwali ya maleba pamoja na matini. Matini ya Kinjeketile imehifadhiwa kwa zaidi ya nusu karne. Nguo zilizovaliwa katika maonyesho yake nyingi zimekwisha kugawanywa, kufuliwa na kuchakaa, na pamoja nazo umepotea uhakiki ambao haukuandikwa popote.